Kabla hujalipia godoro, lipandishe kwenye mizani

Mzee mmoja wa Kondoa alilala kwangu usiku mmoja, chumba namba 4. Asubuhi nikamkuta kwenye benchi la nje, mkono kiunoni, chai hajaigusa.

"Shikamoo baba. Umeamkaje?"

"Marahaba mama. Nikuulize kitu, usinune. Jana nimelalia godoro au nimelalia chaga?"

Magodoro yenyewe yalikuwa na miezi saba. Nilinunua kumi na moja kwa mpigo kwa ajili ya gesti yangu hapa Dodoma: tano kwa sita, inchi nane, kitambaa cha maua mekundu, nailoni inang'aa. Nilijua Bunge la bajeti likianza Aprili vyumba vitajaa. Nikaingia namba 4, nikavua shuka. Pale kiuno kinapokaa palikuwa na bonde. Nikakandamiza kwa ngumi, ngumi ikashuka moja kwa moja mpaka ikagusa mbao. Nikazunguka vyumba vyote. Magodoro tisa kati ya kumi na moja yalikuwa hivyo hivyo.

Muuzaji alinizungusha nilipomrudia, lakini leo nikikaa nikifikiri, aliniuzia kile nilichomwomba. Nilimwomba unene na maua. Tangu hapo nimenunua magodoro mengine mengi, na haya ninayoandika ndiyo ninayoyafuata. Kama umehamia Dodoma kikazi na chumba bado kitupu, au una mtoto anaripoti chuo, au godoro lenu la tangu harusini limeshakuwa mtumbwi, soma kwanza, hela itasubiri.

Hatua ya 1: Funua kitanda

Usianzie dukani. Anzia chumbani kwako, toa godoro la zamani, tazama chaga. Mara nyingi mwenye kosa ni kitanda, halafu tunalishitaki godoro.

Mafundi wengi, ili bei ya kitanda ishuke, huweka chaga saba au nane kwenye urefu wa futi sita. Ukipitisha kiganja kati ya mbao na mbao kinapita chote, vidole vimetanuka. Sponji ikilaliwa juu ya uwazi wa namna hiyo hudidimia kwenye mwanya, usiku baada ya usiku, mpaka inakatika kwa ndani. Uwazi usizidi inchi tatu, yaani vidole vinne vilivyobanana. Ukitumia chaga za upana wa inchi tatu, kitanda cha futi sita kinataka kama kumi na mbili. Panda ukae katikati ya chaga bila godoro. Zikicheza au zikipinda, mwite fundi aongeze, na kama kitanda ni cha tano au sita kwa sita dai mhimili wa kati wenye mguu wake unaogusa sakafu. Mhimili unaoning'inia bila mguu ni pambo.

Kuna wanaofunika chaga zote kwa ubao wa plaiwudi. Si vibaya, ila itobolewe matundu mengi, la sivyo jasho linalopita kwenye godoro linakosa pa kutokea na ukiliinua baada ya miezi utakuta upande wa chini una madoa meusi ya ukungu.

Sasa chukua tepu, upime ndani kwa ndani ya kitanda. Tano kwa sita ya fundi na tano kwa sita ya kiwandani si lazima zilingane. Inchi mbili zikipungua godoro litakunjamana kama mkate uliobanwa, zikizidi utapata mfereji wa kudumbukizia simu. Andika vipimo kwenye karatasi, usivibebe kichwani.

Pima na kitu kimoja ambacho nilikijua nimeshachelewa: chandarua. Godoro la inchi kumi na mbili juu ya kitanda kirefu linakula neti yote, na pindo halifiki chini ya godoro kuchomekwa. Umenunua starehe, umewafungulia mbu mlango.

Hatua ya 2: Ujue kilichomo ndani ya kitambaa

Ukiuliza dukani utaambiwa majina mengi ya kupendeza. Chini ya majina hayo, vitu ni vichache.

Sponji ya kawaida ndiyo iliyojaa madukani, na ndiyo nitakayoisemea zaidi. Inatofautiana sana kwa ubora ingawa kwa macho inafanana.

Sponji ya vipande ni mabaki ya sponji yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi na joto. Ukiifungua utaona rangi rangi, kijani, pinki, njano, zimechanganyika. Ni nzito na ni ngumu kweli kweli. Wengine huipenda, hasa watu wazito, na viwanda huiweka kama tabaka la chini. Kulala juu yake peke yake, mimi hapana, nyonga zinalalamika.

Springi zina faida ya hewa kupita, jambo unalolipenda Oktoba na Novemba joto la Dodoma linapokaza. Ukinunua, tafuta zile ambazo kila springi iko kwenye mfuko wake. Zile zilizofungamana zote kwa waya, mwenzio akigeuka saa nane usiku nawe umeamka. Halafu kuna memori fomu, ile inayobaki na alama ya kiganja. Hiyo hubadilika na joto: Julai, usiku wa hapa unaposhuka mpaka nyuzi 13 au 14, unaipandia ikiwa ngumu kama ubao, kisha inalainika ukishaipasha kwa mwili. Anayeishi Dar hawezi kukuambia hilo.

Godoro la sufi bado lipo kwa wazee, na lina heshima yake, ila linataka mtu wa kulifumua, kulichambua na kulijaza upya kila linaposhikana. Sijui nani ana muda huo siku hizi.

Hatua ya 3: Mizani

Hapa ndipo pesa yangu ilipopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ubora wa sponji unaanzia kwenye densiti, yaani kilo ngapi za sponji zimo ndani ya mita moja ya ujazo. Sponji ni mapovu. Kiwanda kinaweza kuyapuliza mapovu yakawa makubwa, yenye kuta nyembamba, sponji ikapanda juu ikajaa. Au kikayabana, kuta zikawa nene. Dukani vyote viwili vinasimama inchi nane. Baada ya mwaka kimoja bado kinasimama inchi nane, kingine kimeanguka kama maandazi yaliyotolewa mapema.

Muuzaji atakuambia, "Hii ni HD, mama." Mjibu, "HD ya ngapi?" Herufi hizo zinamaanisha densiti kubwa, lakini kubwa bila namba ni maneno ya sokoni. Wengine watakutajia namba bila kusita, 25, 28, 32. Wengine watacheka. Kwa vyovyote vile, usibishane, pima.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Zidisha futi za upana kwa futi za urefu kwa inchi za unene, kisha gawa kwa 12. Umepata futi za ujazo. Godoro la tano kwa sita, inchi nane: 5 mara 6 mara 8 ni 240, gawa kwa 12, ni futi za ujazo 20. Sasa lipime uzito, toa kilo moja au mbili za kitambaa na nailoni. Kilo zilizobaki zidisha kwa 35, gawa kwa zile futi za ujazo. Jibu ndiyo densiti.

Yale magodoro yangu ya maua, nilipokuja kuyapima nikiwa nimeshaumia, sponji yake ilikuwa kilo 9. Tisa mara 35 ni 315, gawa kwa 20, inakuja karibu 16. Kwa mtu mzima anayelala kila siku hiyo ni sponji ya kufungia vyombo visivunjike safarini. Niliyonunua baadaye yalikuwa na kilo 16 za sponji kwa ukubwa ule ule: 16 mara 35 ni 560, gawa kwa 20, ni 28. Yana miaka minne sasa.

Siku niliyokwenda kununua hayo ya pili nilimwomba kijana wa duka tulipeleke godoro kwa muuza mahindi wa jirani, mwenye mizani ya kupimia magunia. Kijana akaniangalia. "Mama, unanunua godoro au unanunua nafaka?" Nikamwambia vyote viwili hudanganya kwa macho. Tulilibeba, tukalipima, na watu wawili waliokuwa wamekuja kununua mahindi wakaniuliza nafanya nini, nikawaeleza. Mmoja alirudi na mimi dukani. Kama hakuna mizani ya nafaka karibu, mizani ya kusimamia inatosha: panda wewe mwenyewe, soma; panda tena umelikumbatia godoro, soma; tofauti ndiyo uzito wake.

Mimi hufuata hivi. Mtoto au mwanafunzi mwembamba, densiti ya 20 hadi 23 inamtosha. Mtu mzima mmoja, 25 kwenda juu. Wawili, 28. Ukiwa unapita kilo 90, usishuke chini ya 30.

Na sasa angalia hili, ndilo lililonifungua macho. Chukua godoro la tano kwa sita la inchi kumi lenye densiti ya 18, na lingine la ukubwa huo huo la inchi sita lenye densiti ya 30. Piga hesabu utaona sponji iliyomo ni ile ile, karibu kilo 13 kila moja. Tofauti ni inchi nne za hewa. Ila dukani lile la inchi kumi litauzwa kwa majivuno, na mgeni akiingia chumbani atalisifu. Ukiwa na bajeti finyu, punguza unene, usipunguze densiti. Godoro la inchi sita lililoshiba ni bora kuliko la inchi kumi lililovimba.

Mizani nayo inaweza kudanganywa. Sponji ya vipande ni nzito kwa asili yake, na kuna sponji inayoongezwa unga wa chokaa ili iwe nzito na ngumu. Kwa hiyo fungua zipu, kama ipo, utazame. Sponji nzuri ina rangi moja, vitundu vyake vimelingana, ukiikamua kwa kiganja na kuiachia inarudi mara moja, na vidole haviachi unga. Ukisugua ukaona vumbi jeupe, rudisha zipu, aga kwa heshima. Muuzaji akikataa katakata usione ndani wala usipime, unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 4: Lala, usione aibu

Densiti ni umri wa godoro. Ugumu ni jambo lingine. Sponji nzito inaweza kuwa laini, na nyepesi ikawa ngumu ya kudanganya. Huku kwetu mtu akiumwa mgongo ushauri wa kwanza ni "lala chini" au "tafuta godoro gumu kama ubao". Kuna utafiti uliofanyika Hispania na kuchapishwa 2003 kwenye jarida la The Lancet: watu wazima 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno waligawanywa, wengine wakapewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani ndio waliopata nafuu zaidi. Kwa hiyo bibi yako akisisitiza ubao, mwitikie kwa adabu, kisha nunua la wastani. Maumivu yanayoshuka mguuni au yanayoleta ganzi mpeleke mtu hospitali, si dukani kwa magodoro.

Vua viatu, lala ubavu kama unavyolala nyumbani, dakika kumi kamili. Dakika moja haikuambii kitu. Kama bega na nyonga vinazama kidogo na uti wa mgongo umenyooka, ni lako. Geuka chali, pitisha kiganja chini ya kiuno: kikipita kwa uwazi mkubwa, gumu mno, kisipopita kabisa, laini mno. Kama mnalala wawili nendeni wawili. Nimeona ndoa ikinuniana kwa sababu ya godoro alilochagua mmoja.

Kwa mtoto mchanga, gumu na bapa, limebana kitandani bila mwanya, halafu alazwe chali bila mto. Hapo sina maelezo zaidi, ni hivyo tu.

Hatua ya 5: Risiti na usafiri

Tafuta nembo ya TBS, dai risiti ya EFD, uliza waranti ni ya miaka mingapi na inahusu nini. Piga picha ya lebo. Waranti nyingi hukataa godoro lenye madoa, kwa hiyo kava ya zipu inunue siku hiyo hiyo.

Usafiri: kirikuu, limelazwa bapa. Kulikunja katikati na kulifunga kamba nyuma ya bodaboda kunalivunja kiuno kabla hujalilalia hata usiku mmoja. Ukilazimika kulikunja, lizungushe kama jamvi, na ulifungue mara ukifika.

La mtumba sinunui. Halafu kuna yale yanayovikwa kitambaa kipya juu ya sponji kuukuu. Yananuka jasho ukisogeza pua kwenye mshono, na bei yake ni tamu kupita kiasi.

Siku tatu za kwanza: vua nailoni

Najua unacheka. Lakini nimeingia nyumba za watu, godoro lina miaka miwili na bado limevaa nailoni ya dukani, linapiga kelele kama mfuko wa chipsi kila mtu akipumua. Tunafikiri tunalitunza. Jasho la usiku linashuka, linakuta nailoni, linakaa pale pale kati ya shuka na plastiki, unaamka umelowa mgongo. Na nailoni nyembamba ile ni hatari kwa mtoto mdogo. Ikimfunika uso hana nguvu ya kuitoa. Ivue yote, itupe.

Lisimamishe godoro penye dirisha wazi siku moja hadi tatu mpaka harufu ya kiwandani ipungue. Kama lilikuja limebanwa na kuviringishwa, liache lijivute mpaka saa 72 kabla hujalihukumu unene wake.

Kugeuza

Miezi mitatu ya kwanza, kila wiki mbili zungusha godoro, kichwani kuwe miguuni. Baadaye kila miezi mitatu. Lisilo na upande maalumu wa juu ligeuze pia tumbo kwa mgongo. Kwenye gesti mimi nimeandika tarehe kwa kalamu ya wino ubavuni mwa kila godoro, maana mhudumu atakuambia "nimegeuza mama" huku anatazama pembeni.

Usiache watoto walifanye trampolini, na usikae pembeni pale pale kila asubuhi ukivaa viatu. Pembeni ndipo panapokufa kwanza.

Jua na vumbi la Dodoma

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu sehemu kubwa ya mwaka. Mvua ni kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, basi. Hii ni bahati kubwa kwa godoro: ukungu unaowasumbua watu wa pwani sisi tunauona kwa nadra, na hata utitiri wa vumbini, ambao unataka unyevu, hauna raha hapa. Adui yetu ni vumbi. Kuanzia Julai mpaka Oktoba upepo unavuma, unafunga dirisha na bado jioni unaandika jina lako juu ya kabati. Vumbi hilo linapenya kwenye kitambaa na kusaga sponji taratibu kama msasa. Kava ya zipu ndiyo dawa. Ifue kila mwezi, shuka kila wiki.

Kusafisha, tumia brashi laini kavu au mashine ya kufyonza vumbi ukiwa nayo. Acha kulichapa kwa fimbo. Unapasua mapovu na vumbi linahamia pafu lako.

Kulianika ni vizuri, ila kuna namna. Toa asubuhi, saa mbili mpaka saa tano, likiwa na kitambaa chake. Jua la saa saba la hapa ni la kukaushia mboga, si la kuanikia sponji. Sponji iliyo wazi ikipigwa na jua kali inakuwa njano, kisha inakuwa unga. Tazama kipande chochote kilichoachwa juu ya bati utaona. Liweke juu ya kichanja au viti viwili, usilitupe uani chini: mbigili za Dodoma zitaingia upande mmoja na kukusalimia usiku kwa upande mwingine. Agosti, anika siku isiyo na upepo, la sivyo unalijaza mchanga.

Kulaza godoro moja kwa moja sakafuni, kama wanafunzi wengi wanavyofanya, kunalifupishia maisha. Joto la mwili linakutana na saruji baridi, umande unatokea chini bila wewe kuona. Na kama sakafu ni ya udongo, mchwa hawakuombi ruhusa. Hata paleti mbili za mbao zinatosha kuliinua.

Mtoto akikojoa

Fanya haraka. Kandamiza kitambaa kikavu, kimoja baada ya kingine, mpaka hakitoki na unyevu. Usimwage maji, maji yanausukuma mkojo chini zaidi. Changanya maji baridi na siki kiasi sawa, nyunyiza kidogo, kandamiza tena. Kisha funika kwa bikabonati ya sodiamu, ile soda inayouzwa kwa wapika keki, siyo hamira, iache saa nane au usiku kucha, ufyonze au ubrashi. Simamisha godoro upepo upite pande zote mbili. Dodoma ya kiangazi italikausha kwa siku moja. Mwezi wa pili weka siku tatu.

Usitumie dawa ya madoa yenye klorini. Inakula sponji, na ikikutana na mkojo inatoa mvuke wa kukaba kifua.

Kwa kikojozi, nunua mpira wa mita dukani, ule ule kina mama wanaoubeba wakienda kujifungua, utandike chini ya shuka. Na mtoto usimwaibishe mbele ya wenzake. Atakua.

Kunguni, na papasi

Kunguni hawaji kwa uchafu, wanakuja na mabegi. Mimi mwenye gesti nalijua hilo kuliko jina langu. Kila Jumatatu tunakagua mishono ya godoro, viungo vya kitanda na nyuma ya ubao wa kichwani. Alama ni vidoa vyeusi kama nukta za kalamu.

Ukiwakuta, usibebe godoro kukimbilia chumba kingine, utawasambaza. Shuka na mapazia yafue kwa maji ya moto. Mimina maji yanayochemka kwenye viungo vya kitanda na chaga, godoro likiwa pembeni. Godoro lenyewe pita mishono kwa brashi ngumu, kisha livike kava ya zipu inayofunga kabisa na usiifungue mwaka mzima; waliobaki ndani watakufa njaa. Rudia zoezi la kitanda baada ya wiki mbili, maana mayai yanakuwa yameanguliwa. Jua peke yake halitoshi, sponji inazuia joto, nao wanakimbilia upande wa kivuli. Dawa za mashambani usizipulize unapolala, na mafuta ya taa ni kujitafutia moto.

Vijijini kwetu, kwenye nyumba za tembe na sakafu za udongo, yupo mwingine: papasi. Huyu hakai kwenye godoro, anakaa kwenye nyufa za sakafu na kuta, anatoka usiku kuuma na kurudi. Anaeneza homa ya papasi, homa inayopanda, inaondoka, halafu inarudi, na ni hatari zaidi kwa wajawazito na watoto wadogo. Anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo kuhama chumba hakumuui. Kitanda kilichoinuka, mbali na ukuta, shuka lisiloburuza chini, nyufa zilizozibwa. Homa ya kuja na kuondoka ikimpata mtu aliyelala kwenye nyumba kama hiyo, amwambie mganga wa zahanati alilala wapi.

Moto

Sponji inawaka kwa kasi ya kutisha na moshi wake una sumu. Mshumaa, kibatari, sigara na dawa ya mbu ya kuchoma visikae kitandani wala chini ya chandarua, hata umeme ukikatika na "ni dakika mbili tu".

Lini uliage

Tandaza kamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ivute ikaze, pima kwa rula kina cha bonde bila mtu kulala. Likizidi inchi moja na nusu, limekwisha, hata kama kitambaa bado kinapendeza. Ukiamka umechoka lakini ukilala kwa dada yako unaamka vizuri, hiyo nayo ni rula.

Usilichome uani. Kata sponji ya pembeni ambayo haijachoka, tengeneza mito ya makochi, au mpe fundi wa viti. Yale yangu tisa yalitoa mito mingi tu. Benchi alilokalia yule mzee wa Kondoa sasa lina mto wa maua mekundu, na bado unabonyea.